Habari za Vita vya Mbu Unguja na Pemba

Visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo wasafiri wa zama nyingi wamevisifu kwa minazi yake, kwa bandari zake na kwa upepo wake wa bahari, vimekuwa tangu kale makao ya maradhi matatu yanayoenezwa na mbu: homa ya malaria, inayoua watoto kabla hawajajua kutembea, matende na mabusha, yanayomlemaza mtu mzima bila kumwua, na kidingapopo, kinachozuka baada ya miaka mingi, kikauangusha mji mzima kitandani, kisha kikatoweka. Habari ya jinsi watu wa visiwa hivi, pamoja na matabibu waliotoka ng'ambo, walivyopambana na mdudu huyu kwa muda unaozidi karne moja inastahili kusomwa na kila mwenye kuipenda nchi yake, kwa kuwa ndani yake mna ushindi mkubwa uliopatikana zaidi ya mara moja, na mna pia hasara kubwa iliyoletwa na wanadamu wenyewe walipouacha ushindi huo ukapotea.

Kabla elimu ya hadubini haijafika, wazee wa pwani walijua mambo mengi juu ya homa kwa kutazama tu. Walijua kwamba homa huzidi mvua za masika zinapokatika na vidimbwi vikabaki mabondeni. Walijua kwamba mgeni aliyetoka ughaibuni huanguka upesi kuliko mzalia. Na waliojaliwa uwezo walilala ndani ya chandarua wapate usingizi wa raha. Lakini kwamba mbu ndiye mchukuzi wa homa, hilo hawakulijua wao wala madaktari wa Ulaya waliokaa mjini Unguja katika karne ya 19, ambao waliitia lawama hewa chafu iliyopanda kutoka kwenye matope ya pwani maji yalipokupwa. Tabibu mmoja Mwingereza, James Christie, aliyefanya kazi mjini humo katika miaka ya 1860 na 1870, alikishuhudia kidingapopo kilipozuka mwaka 1870, kikapita nyumba hata nyumba bila kuchagua tajiri wala maskini, na watu wazima wakamweleza kwamba maradhi hayo hayo yalikwisha kuja zamani, mnamo mwaka 1823. Christie aliyaandika aliyoyaona kwa uangalifu, dalili baada ya dalili, asijue kwamba mdudu aliyeyachukua maradhi yale kutoka mtu hadi mtu alizaliwa ndani ya mitungi ya maji iliyokuwamo katika nyumba zile zile alizoingia kutibu.

Pazia lilifunuka mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1877 Patrick Manson, aliyekuwa tabibu katika mji wa Amoy nchini China, aliona vijidudu vya matende vikikua ndani ya mwili wa mbu aliyekunywa damu ya mgonjwa. Na mwezi wa Agosti 1897 Ronald Ross, huko Secunderabad nchini India, akaviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu wa jamii ya Anofelesi. Miaka hiyo hiyo Mjerumani Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akiichunguza homa ya malaria, na hapo zikadhihirika njia mbili ambazo wataalamu waligawanyika kwazo kwa muda mrefu. Ross na wafuasi wake walisema mbu apigwe vita katika maji anamozaliwa, na homa itakoma yenyewe kwa kukosa mchukuzi. Koch alisema damu za watu zipimwe, kila aliyekutwa na vijidudu anyweshwe kwinini, na mbu hata akiuma atakuwa hana cha kubeba. Kuanzia mwaka 1901 Wajerumani waliijaribu rai ya Koch mjini Dar es Salaam, wakipima damu za wakazi na kugawa kwinini. Lakini mji wa bandari, ambao watu huingia na kutoka kila siku kwa jahazi na kwa miguu, haukuweza kupimwa ukamalizika, na mbu aliyeachwa hai hakukosa damu nyingine yenye vijidudu.

Ama mbu si mmoja, na asiyejua hilo hutoka na silaha isiyomfaa adui aliye mbele yake. Mbu mkuu wa malaria katika nchi zetu hupenda maji safi, machache, yanayopigwa na jua, kama yale yanayobaki katika nyayo za ng'ombe, katika njia za magurudumu na katika majaruba ya mpunga kabla mpunga haujafunika maji. Ndugu yake mwingine hupenda maji ya kudumu yenye majani na kivuli. Na wa tatu, aliyeelezwa kwanza na mtaalamu Dönitz mwaka 1902 kwa mbu waliopatikana Dar es Salaam, huzaliwa katika maji ya chumvichumvi kandokando ya mikoko. Mbu wa kidingapopo hayataki mabonde kabisa, bali hukaa na watu, akitaga katika mitungi, mabirika, vifuu vya nazi na kila chombo kinachokinga mvua. Mbu wa matende na mabusha, anayeitwa Kuleksi, huyapenda maji machafu ambayo wenziwe huyakimbia, yaani maji ya vyoo vya shimo na ya makaro. Yuko hata mbu aliyepewa na wataalamu jina la kisiwa cha Pemba, ambaye siri yake ya kutaga haikujulikana mpaka mwaka 1957, ilipogunduliwa katika pwani ya Kenya kwamba mayai yake huyabandika juu ya miili ya kaa wa mikokoni, wakayachukua pamoja nao hadi ndani ya mashimo yao yenye maji.

Mtu akiinama juu ya kidimbwi na kutazama kwa subira ataweza kuwabainisha tangu utotoni mwao. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, mwili wote umenyooka. Na kile cha Kuleksi huning'inia kichwa chini, kikitoa mrija mdogo nyuma yake kupitia uso wa maji ili kivute pumzi. Mrija huo, mdogo kuliko ncha ya sindano, tutaukuta tena katika habari ya mji wa Makunduchi, kwa kuwa ndio uliokuja kuwa udhaifu wake.

Katika mji wa Unguja mambo ya maji yalikuwa yamekwisha kubadilika kabla ya wataalamu hao. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliwaletea wakazi wa mji maji ya chemchemi kwa mifereji kutoka upande wa Bububu, na hiyo ilikuwa neema isiyo na shaka, maana visima vya mjini vilikuwa vichafu. Lakini maji yanayoingia mjini hayana budi kutoka, na ujenzi wa njia za kuyatoa ulichelewa nyuma ya ujenzi wa njia za kuyaingiza. Baina ya Mji Mkongwe na mtaa wa Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kukupwa, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 serikali iliujaza hatua kwa hatua, mpaka mji ule uliokuwa karibu kisiwa ukaungana na nchi kavu. Wakati huo serikali iliajiri mtaalamu wa wadudu, W. M. Aders, ambaye mwaka 1917 alitoa maandishi juu ya wadudu wanaowadhuru watu na mifugo Unguja. Na mabwana afya wakawa wanapita majumbani kukagua mitungi na mabirika, na kumwaga mafuta juu ya maji yaliyosimama ili viluwiluwi vikose pumzi. Kazi hizo zilikuwa na manufaa, lakini zilikuwa kazi za mjini, na aghalabu za zile sehemu za mji zilizokaliwa na wenye mamlaka na mali. Shamba, ambako ndiko walikokuwa wengi, ambako mabonde ya mpunga yalizaa mbu kila mwaka na watoto walizikwa kila mwaka, kulibaki kama kulivyokuwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilitokea silaha ambayo haikuwa na mfano. Dawa ya D.D.T., na baada yake dieldrini, ilikuwa na sifa ya kubaki na nguvu kwa miezi mingi juu ya ukuta iliponyunyiziwa. Na kwa kuwa mbu wa malaria akishakunywa damu huwa mzito, akatua ukutani kupumzika, basi ukuta wenyewe uligeuzwa kuwa mtego. Mwaka 1955 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika nchini Mexico, ulikata shauri kwamba malaria ifutwe ulimwenguni, ingawa sehemu kubwa ya Afrika iliachwa nje ya mpango huo kwa kudhaniwa kuwa haiwezekani. Unguja na Pemba, kwa kuwa ni visiwa na mipaka yake ni bahari, zilibahatika kuingizwa katika majaribio, na mwaka 1958 kazi ikaanza kwa msaada wa Shirika hilo na wa Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu na ya unyenyekevu, na haifai kuitaja kwa haraka. Nyumba za shamba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, na ndani yake giza. Ilimpasa mwenye nyumba atoe nje kila alichonacho: vitanda vya kamba, mikeka na majamvi, vyungu, unga, mashuka, kuku na vifaranga vyao, kisha mtu mwenye bomba begani akapiga hodi, akaingia, akaanza kwa ukuta wa mlangoni, akinyunyiza kutoka chini hadi juu kwa mwendo mmoja usiokatika, mstari ukifuata mstari, mpaka akazunguka chumba chote na kurudi alipoanzia, akiacha juu ya udongo weupe mwembamba wa dawa. Akikosea kasi, dawa ilikuwa nyingi mahali na haba mahali. Kisha ilimlazimu aseme na mama wa nyumba, amwombe kwamba ukuta usisiribwe upya wala usipakwe chokaa kwa muda, hata Sikukuu ikikaribia, maana udongo mbichi na chokaa huifunika dawa, ukuta ukarudi kuwa salama kwa mbu. Na si jambo dogo kumruhusu mgeni aingie hata chumba cha kulala, katika nchi iliyojali sana stara, na katika zama ambazo uvumi wa mumiani wanyonyao damu za watu ulikuwa umeenea pwani nzima, ilhali watu wa malaria walikuja pia na sindano za kutoboa vidole vya watoto wapate tone la damu la kutazama katika hadubini. Milango ilifunguliwa kwa ajili ya heshima ya watu waliotumwa, ambao walijua kupiga hodi na kungoja. Bila ya adabu hiyo dawa ingalibaki ndani ya mapipa yake.

Matokeo yalikuwa makubwa. Katika visiwa ambavyo, kabla ya kazi kuanza, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria katika damu, kiwango hicho kilishuka chini ya asilimia 10 ilipofika mwaka 1968, na Pemba kilishuka zaidi kuliko Unguja. Serikali mbili zilikuwa zimepita katikati, uhuru ulikuja mwezi wa Disemba 1963 na Mapinduzi mwezi wa Januari 1964, na kazi ya kunyunyiza haikukoma kwa yote hayo. Lakini mwaka huo wa 1968 ndipo ilipokomeshwa. Mabomba yaliwekwa ghalani, waliojua kuyatumia wakatafuta kazi nyingine, na waliokuwa wakihesabu mbu na kutazama damu hawakuwa tena na cha kuhesabu.

Kilichofuata kilikuwa msiba ambao ungaliweza kuzuilika. Mbu hakuwa amekwisha, wala vijidudu havikuwa vimekwisha. Vilikuwa vichache tu, na uchache wake ndio uliowadanganya watu. Fauka ya hayo, mwili wa mtu anayeumwa na mbu wa malaria tangu utoto hujifunza kidogo kidogo kupambana na homa, na mafunzo hayo hupotea akipumzika miaka mingi. Basi watoto waliozaliwa katika miaka kumi ya kunyunyiza walikuwa na miili isiyojua kabisa malaria ni nini. Ilipofika mwaka 1973, miaka mitano tu baada ya kazi kuachwa, zaidi ya nusu ya watoto walikutwa tena na vijidudu. Yaliyojengwa kwa miaka kumi yalibomoka kwa mitano. Ilipoanzishwa kampeni ya pili katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Marekani, iligundulika kwamba mbu walikuwa wamekwisha kuizoea D.D.T., na vijidudu navyo vilikuwa vikiizoea klorokwini, dawa ambayo kila mama aliijua kwa uchungu wake. Silaha iliyowekwa chini katikati ya vita ilikuwa imechakaa ilipookotwa.

Hata hivyo, katika miaka ile ile ya 1980 iliyokuwa na huzuni kwa upande wa malaria, kusini mwa Unguja kulifanyika jambo dogo lililotoa mafunzo makubwa. Makunduchi, mji unaojulikana kwa sherehe za Mwaka Kogwa, ulikuwa na wakazi wapatao 12,000, na karibu nusu yao walikuwa na vijidudu vya matende katika damu. Hivyo vijidudu vina desturi ya ajabu: mchana hujificha ndani ya mwili, na usiku wa manane ndipo vinapotoka na kutembea katika damu karibu na ngozi, saa ile ile ambayo mbu wa Kuleksi hutoka kuuma, kwa sababu hiyo anayetaka kuvihesabu hana budi kupita majumbani usiku, na kutoa tone la damu wakati watu wanapotaka kulala. Wataalamu wa Zanzibar, wakishirikiana na Christopher Curtis na wenziwe wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha London, waliona kwamba mbu karibu wote wa matende wa Makunduchi walitoka katika vyoo vya shimo vyenye maji na katika makaro. Wakachukua punje ndogo za polistirini, zilezile zinazotumika kutengenezea maboksi mepesi ya kufungashia vyombo, wakazitia katika maji yanayochemka zikavimba na kuwa vidonge vyeupe visivyo na uzito, kisha wakavimwaga vyooni, tabaka la sentimita chache likafunika uso wote wa maji.

Hapo ndipo ule mrija mdogo ulipofikwa na ajali yake. Kiluwiluwi kilipopanda kuvuta pumzi kilikuta dari lisilo na tundu, kikafa kwa kukosa hewa; na mbu jike aliyekuja kutaga hakuona maji ya kutagia. Choo kiliendelea kutumika kama kawaida, maana vidonge hujitenga kidogo na kurudi mahali pake, na kwa kuwa havizami wala haviozi, vilikaa miaka bila kuhitaji mtu wa kuvirudishia. Pamoja na hayo watu wote waligawiwa dawa ya kuua vijidudu vilivyomo mwilini. Mbu walipungua mno, na idadi ya watu waliokuwa na vijidudu ilishuka kutoka karibu nusu ya mji hadi mtu mmoja katika kila kumi, kisha ikaendelea kushuka miaka iliyofuata. Rai ya Koch na rai ya Ross, zilizokuwa zimegombana kwa takriban miaka 90, zilikutana katika mji mmoja zikafanya kazi moja. Na tabaka lile la vidonge liliongeza jambo la tatu, ambalo wote wawili walilihitaji, nalo ni kudumu. Mnyoo wa matende, ambao ndio mzazi wa vijidudu hivyo, huishi mwilini kwa miaka mingi, na ulinzi unaokoma kabla yake ni ulinzi wa bure.

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagawia watu wa visiwa vyote viwili dawa za matende, na mwaka 2003 ilianza kutumia dawa mpya za mseto za malaria badala ya klorokwini iliyokwisha kushindwa. Baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa, vikigawiwa kwanza kwa watoto na akina mama waja wazito, na mwaka 2006 mabomba yakarudi tena majumbani kwa dawa mpya. Katika wilaya ya Kaskazini A, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 baina ya mwaka 2002 na 2005, jambo ambalo mzazi yeyote wa shamba angaliweza kulithibitisha bila ya hesabu. Na tangu takriban mwaka 2008, watu wanaokutwa na vijidudu vya malaria Unguja na Pemba wamekuwa aghalabu chini ya mmoja katika kila mia. Hii ni mara ya pili katika maisha ya mtu mmoja visiwa hivi kuipunguza mno malaria, na ndiyo sababu habari ya mwaka 1968 inapasa kukumbukwa sasa kuliko wakati wowote.

Adui naye amebadilika. Mbu aliyependa kuuma na kupumzika ndani ya nyumba amepungua, na aliyezidi sasa ni yule aumaye nje, wakati watu wamekaa barazani wakizungumza baada ya Isha, ambaye ukuta wenye dawa hauwezi kumfikia. Boti zinazovuka kutoka Dar es Salaam na Tanga huleta wasafiri, na baadhi yao huwa na vijidudu katika damu bila wenyewe kujijua. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa wa malaria waliongezeka ghafla Zanzibar, na ongezeko hilo lilionekana upesi kwa sababu walikuwapo watu vituoni wanaopima kila mwenye homa na kupeleka habari, na wengine wanaomfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake kuwapima jirani zake. Lau kama kazi hiyo ingalikuwa imekomeshwa, kama ilivyokomeshwa ile ya zamani, ongezeko lingaliendelea kwa siri mpaka likaonekana makaburini.

Basi mwenye kuitafakari historia hii ataona kwamba kila ushindi uliodumu ulitokana na mambo matatu kukutana: dawa kwa mgonjwa, vita kwa mbu katika maji yake na katika kuta zake, na watu wa nchi wenyewe wanaoendelea na kazi baada ya sifa kwisha. Mawili ya kwanza huvutia fedha na wageni, kwa kuwa matokeo yake huonekana mapema. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa, kwani mtu anayekagua makaro katika mwaka usiokuwa na homa huonekana hana kazi, na mshahara wake ndio wa kwanza kukatwa fedha za serikali zinapopungua. Huyo asikatwe mshahara. Asomeshwe, apewe vifaa, na apokewe vizuri anapobisha hodi, kwa sababu mwaka usiokuwa na homa ni kazi yake yeye na wenzake, na watoto wa Unguja na Pemba walikwisha kulipa mara moja gharama ya kumwachisha kazi.